Chumvi ya Jiwe na Ramadhani ya Kaka Yetu



Kwa miaka mingi tulilificha jambo hili nyumbani mwetu kama watu wafichavyo deni. Tuliambiana kuwa maradhi ya kaka yetu ni siri ya ukoo, na kwamba binti zetu hawataposwa, wala vijana wetu hawatakubaliwa waendako kuposa, ikijulikana kuwa ndani mna mgonjwa wa akili. Sasa kaka mwenyewe ametupa idhini, tena ametuhimiza. Alituambia: "Andikeni, wadogo zangu, lakini jina langu liacheni." Nasi twaandika kwa sababu mwezi wa Ramadhani huja kila mwaka, na katika nyumba za Waislamu wamo wagonjwa wa namna hii ambao jamaa zao hawajui la kufanya, kama sisi tulivyokuwa hatujui.

Maradhi yenyewe madaktari huyaita baipola, yaani maradhi ya ncha mbili. Sisi watu wa pwani twaweza kuyafahamu kwa mfano wa bahari. Bahari ya kila mtu hujaa na kupwa. Leo amefurahi, kesho amehuzunika, na hiyo ndiyo afya. Bali mgonjwa huyu hupatwa na bamvua lipandalo mpaka likaingia majumbani: halali, hachoki, husema bila ya kituo, hujiona kuwa mali yote ni yake na siri zote amefunuliwa. Kisha maji hupwa yasirudi, hata kunyanyuka kitandani kwenda kutawadha huwa ni kazi nzito kuliko kupasua mawe. Baina ya hali hizo mbili aweza kukaa miezi au miaka akiwa mzima kama sisi na nyinyi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kwa hisabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 40 hivi duniani walikuwa nayo. Basi haikuwa laana iliyouchagua ukoo wetu.

Kaka ni fundi wa kushona kanzu. Yalimshika mara ya kwanza alipokuwa na umri wa miaka 22, akalazwa hospitalini, akaanzishwa dawa iitwayo lithiamu, na kwa miaka minne akawa mzima, akaoa, akafungua duka lake. Ulipofika mwezi wa Shaaban mwaka 2014 alianza kulalamika kuwa vidonge vyamtia kiu, naye Ramadhani yaja. Twakiri hapa jambo linalotutia haya mpaka leo. Si yeye aliyetangulia kusema dawa iachwe, ni sisi. Tulimwambia: "Kaka, miaka minne huumwi. Utakunywaje sumu hii pamoja na saumu?" Mama alinyamaza, na kunyamaza kwake tukakufanya idhini.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Baada ya tarawehe hakurudi kulala. Alibaki msikitini akisoma, kisha akaja kutuamsha kwa daku kwa sauti nzuri ajabu. Mama akasema: "Mtazameni mwanangu alivyoishika ibada mwaka huu." Tulijilaumu wenyewe kwa uvivu wetu. Hakuna aliyehisabu kuwa ni siku ya nne halali hata saa moja, si usiku wala mchana. Ilipofika kumi la pili alikuwa akisema kwa kasi, neno likipanda juu ya neno, na aliyemkatiza alimkasirikia. Alichukua majora saba ya kitambaa, ambayo hakuwa amelipia, akawagawia wapita njia mbele ya duka, akiwaambia kuwa ameamrishwa. Usiku wa mwezi 17 majirani walimleta nyumbani wakiwa wamemshika mikono, na kanzu yake imepasuka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Hatukujua la kumwambia.

Baada ya Idi bahari ikapwa. Alilala miezi miwili ameelekea ukutani, hataki kuogeshwa wala kuliwazwa, na siku moja alisema maneno kuhusu kufa ambayo mama hakuweza kuyasikia mara ya pili.

Katika muda huo tulimpeleka kusomewa. Kusomewa Kurani ni rehema, wala hatujutii hata herufi moja iliyosomwa juu ya kichwa chake. Tunalolijutia ni zile wiki sita tulizomnyima dawa tukidhani kuwa ni lazima tuchague moja katika mawili, na ule usiku tuliomkubalia mganga mmoja amfunge kamba na kumfukiza moshi mpaka akazimia. Mtume wetu ametuamrisha tujitibu, na wazee wetu katika dini waliufuata mwendo huo. Ishaq ibn Imran, tabibu wa Qayrawan katika nchi ya Tunisia, aliandika kitabu juu ya ugonjwa wa huzuni zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, akautazama kuwa ni maradhi ya mwili yenye dalili na tiba. Katika mji wa Halab, ambao Wazungu huuita Aleppo, mlijengwa mwaka 1354 hospitali ya Arghun, na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo, penye uwanja wa wazi na birika la maji. Walau hao hawakuwafukiza moshi.

Tulimrudisha hospitalini hatimaye, na daktari, ambaye ni mwanamke kijana, hakutukemea. Alimwambia mama: "Mama, hii dawa ni chumvi tu, tena ni kutoka katika jiwe." Mama akamjibu: "Daktari, mwanangu, chumvi nazijua, hii sijaiona sokoni." Neno hilo lilitufanya tutafute khabari zake. Tulipoijua asili ya lithiamu ndipo ilipotutoka hofu tuliyokuwa nayo, na ikatuingia hofu nyingine iliyo bora zaidi.

Lithiamu ni madini mepesi kuliko yote. Iligunduliwa mwaka 1817 na Johan August Arfwedson wa Sweden ndani ya jiwe, na jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya jiwe. Khabari yake katika maradhi ya kaka, lakini, yaanza vitani. Jeshi la Japani lilipoiteka Singapore mwaka 1942, miongoni mwa waliotiwa kifungoni alikuwamo daktari mmoja Mwaustralia, John Cade, akakaa katika kambi ya Changi mpaka 1945. Alitoka humo akiamini kuwa maradhi makubwa ya akili yana asili yake mwilini. Aliporudi kwao akafanya kazi katika hospitali ya Bundoora, karibu na Melbourne, na akaanza kutafuta sumu katika mikojo ya wagonjwa waliopandwa na kichaa. Yasimuliwa kuwa chupa za mikojo aliziweka katika friji ya nyumbani kwake. Mkewe naye yafaa akumbukwe katika historia ya dawa.

Mikojo hiyo aliwadunga vinyama wadogo wa jamii ya panya, wasio na mkia, ambao wataalamu huwatumia katika majaribio. Alitaka kuongeza asidi ya mkojo katika sindano, na kwa kuwa asidi hiyo haiyeyuki upesi, aliichanganya na lithiamu ipate kuyeyuka. Akatazamia sumu izidi ukali. Badala yake ikapungua. Akajaribu lithiamu peke yake: vinyama wakatulia, hata ukiwalaza chali hawahangaiki. Waliokuja baada yake wamesema kuwa huenda wanyama wale walikuwa wameleweshwa na dawa tu, na ile nadharia ya sumu ya mkojo haikusimama. Njia aliyoishika ilikuwa na makosa, lakini mlango aliofikia ulikuwa ndio wenyewe.

Cade alimeza dawa hiyo yeye mwenyewe kwanza. Kisha, tarehe 29 Machi 1948, akampa mgonjwa wa kwanza, mtu wa miaka 51 aliyekuwa amekaa katika hali ya kupandwa kwa miaka mitano mfululizo, mchafu, mkorofi, asiye na tumaini. Baada ya wiki chache akatulia, na mwezi wa Julai akarudi kwao, na kazi yake ya zamani akairudia.

Hapa tuliacha kusoma kwa muda, kwa sababu kilichofuata tulikuwa tukikijua. Mtu yule alijiona mzima, akaacha dawa. Na baada ya miezi akarudishwa hospitalini akiwa kama alivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza kabisa duniani katika khabari hii alifanya sawasawa na aliyoyafanya kaka kwa shauri letu. Wakamwanzishia tena, na mwaka 1950 akafa, safari hii kwa sumu ya lithiamu yenyewe, kwani wakati huo haikuwa desturi kupima kiasi cha dawa hiyo katika damu. Cade alikuwa amekwisha kuchapisha khabari za wagonjwa kumi waliopandwa na kichaa, katika jarida la madaktari wa Australia, mwaka 1949. Na mwaka huo huo kule Marekani watu wenye maradhi ya moyo walikuwa wakiuziwa chumvi ya lithiamu waitie chakulani badala ya chumvi ya kawaida, bila ya kipimo. Baadhi yao wakafa, ikapigwa marufuku. Dawa ikaingia duniani na jina baya.

Aliyeisafisha jina ni Mogens Schou wa Denmark, na yeye pia alikuwa na ndugu mgonjwa: nduguye alikuwa akishikwa na huzuni nzito tena na tena, na lithiamu ikaja kumponya na marudio hayo. Wakosoaji wake wa Uingereza walisema kuwa habari za kuzuia maradhi yasirudi ni ngano tu za watu wanaopenda dawa yao. Schou na wenziwe wakafanya jaribio ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1970. Walichukua wagonjwa 84 waliokuwa wametulia kwa lithiamu. Sehemu moja wakaendelea nayo, na sehemu ya pili wakapewa kidonge kitupu kinachofanana nayo, pasina mgonjwa kujua anameza kipi. Katika muda wa miezi mitano, waliopewa kidonge kitupu walirudiwa na maradhi watu 21. Waliobaki na lithiamu hakurudiwa hata mmoja. Mwaka huo huo Marekani ikaruhusu dawa hiyo kutumiwa. Twaposoma hisabu ile tunawafikiria wale 21, kwamba kila mmoja wao alikuwa na mlango ambao jamaa yake alisimama.

Je, chumvi ya jiwe yafanya nini katika ubongo? Hili wataalamu hawajalimaliza. Imejulikana kuwa lithiamu hukizuia kimeng'enya fulani katika seli, na hubadilisha namna seli za ubongo zinavyopelekeana khabari. Jaribio lililotustaajabisha zaidi lilichapishwa mwaka 2015. Wataalamu walichukua seli za ngozi za wagonjwa wa baipola, wakazigeuza kwa ufundi mpaka zikawa seli kama za ubongo, zikikua katika chombo. Seli hizo zilikuwa na wepesi wa kushtuka kupita zile za watu wazima wa afya. Walipozitilia lithiamu zikatulia, lakini si zote: zilizotulia ni zile za wagonjwa ambao wao wenyewe dawa hiyo iliwafaa, na za wale ambao haikuwafaa hazikutulia. Seli ndani ya chombo haina imani dhaifu, haijaacha sala, haikukaa na marafiki wabaya. Tulipomsomea mama habari hii aliuliza maswali mawili matatu, kisha akaingia chumbani kwake, na hatukumfuata.

Kuhusu urithi, yale tuliyoyaogopa yana ukweli ndani yake, na si vema kuficha. Maradhi haya huenda katika koo. Walakini hakuna mbegu moja ya baipola ambayo mtu anayo au hana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 158,000 wa asili mbalimbali, ulipata sehemu 298 za urithi wa mwanadamu zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo sana. Waafrika katika hisabu kama hizi wamekuwa wachache mno, na ndiyo sababu ulianzishwa uchunguzi mwingine uitwao NeuroGAP katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, na Kilifi, hapa hapa pwani, ni mojawapo ya mahali ulipofanyika. Mtu mwenye binti atakayeposwa ajue kuwa wengi wa watoto wa wagonjwa hawaugui, na kwamba vipande vidogo vya urithi huu vimo katika ukoo wa mposaji pia, ajue au asijue.

Sasa turejee kwenye Ramadhani, kwani ndiyo iliyotufanya tukashika kalamu.

Figo haziwezi kupambanua vizuri baina ya lithiamu na chumvi ya kawaida. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, figo huishika chumvi isitoke, na pamoja nayo huishika lithiamu, nayo ikazidi katika damu. Kiasi kinachofaa ni kidogo, aghalabu milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita, na ikipita 1.5 sumu huanza kudhihiri. Kwa hiyo swali la mgonjwa afungaye ni swali la haki, na wataalamu wa Kiislamu wamelichunguza. Huko Casablanca, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwatazama wagonjwa 20 waliokuwa wakinywa lithiamu na kufunga. Karibu nusu yao walirudiwa na maradhi, wengi katika wiki ya pili, wala kiasi cha dawa katika damu hakikuwa sababu. Huko Peshawar katika Pakistan, mwaka 2010, waliwatazama wagonjwa 62, na damu zao hazikubadilika sana kwa kufunga, wala hali zao hazikuharibika. Wengine hufunga salama, basi, na wengine hawawezi. Wale wa Casablanca waliutilia shaka mpindano wa saa: kulala na kuamka na kula kugeuzwa kwa ghafla. Tulikumbuka siku nne za kaka bila ya usingizi, na furaha yetu.

Kaka alianza dawa tena, na mwaka uliofuata akafunga bila ya kumwuliza mtu, sisi tukidhani kuwa maadamu vidonge anameza, yamekwisha. Fundi cherehani huinama mchana kutwa, na mgongo wamuuma. Akanunua dukani vidonge vya maumivu, vile vya kawaida ambavyo kila mtu humeza, na akavimeza wiki nzima baada ya futari. Hatukujua kuwa vingi katika vidonge hivyo, kama ibuprofeni na diklofenaki, huzizuia figo kuitoa lithiamu, na kwamba baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya vivyo hivyo. Likamshika tumbo la kuhara. Asubuhi moja tulimkuta dukani ameshika sindano na uzi, mikono yatetemeka, uzi hauingii katika tundu. Akajaribu kutueleza na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyelewa. Mpita njia mmoja alisema: "Naye mlevi, mwezi huu!" Tulikuwa tumekwisha jifunza kiasi cha kutomsikiliza. Damu yake ilionekana kuwa na 1.9. Wakaizuia dawa, wakamtundikia maji ya chumvi mshipani, na siku ya tatu akashika sindano.

Toka hapo nyumba yetu ina taratibu zake. Katika mwezi wa Rajab kaka humwendea daktari, hupimwa damu saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na figo na tezi ya shingoni hutazamwa pamoja. Daktari ndiye asemaye kama mwaka huu atafunga, na sheikh wetu alimwambia waziwazi kuwa mgonjwa aliyekatazwa na tabibu amepewa ruhusa na Mola wake, na si juu ya jirani kumhoji. Miaka miwili hakufunga, akatoa fidia. Miaka mingine amefunga, na dawa yote huimeza usiku. Akisha tarawehe hulala. Kanzu za Idi hushonwa na wanafunzi wake, na duka hufungwa saa nne kamili hata kama wateja wamejaa barazani wakilalamika. Mkewe ndiye mwenye daftari la usingizi. Usiku mmoja wa kukosa usingizi huandikwa; wa pili, simu hupigwa kwa daktari bila ya kumwuliza kaka anaonaje. Lithiamu si dawa pekee, wala haimfai kila mtu. Zipo nyingine, kama valproeti ambayo wanawake wa umri wa kuzaa hutahadharishwa nayo, na kwetiapini, na lamotrijini. Lakini kaka hii imemshika mkono, na tafiti nyingi, ingawa si zote, zaonyesha kuwa waitumiao hupungukiwa na hatari ya kujiua. Yale maneno aliyoyasema akiwa ameelekea ukutani hatujayasikia tena.

Mwaka huu lilizuka jambo ambalo hatukulitazamia. Mama amepatikana na shinikizo la damu, akaambiwa apunguze chumvi. Nasi kwa mapenzi tukaipunguza nyumba nzima, mchuzi ukawa kama maji. Tulipomwambia daktari wa kaka akashtuka, akasema chumvi ya kaka isipunguzwe wala isizidishwe kwa ghafla, ibaki vile vile ilivyokuwa, hasa katika joto hili la kaskazi na saumu. Basi sasa hupikwa sufuria mbili. Ya mama ni ile ndogo. Ya kaka imefungwa uzi mwekundu mkononi, uzi wa dukani kwake, ili watoto wasikosee wanapopakua futari.